Grace Murray Hopper: Mwanahisabati Aliyeifunza Mashine Maneno

Makala haya yanamhusu mwanamke ambaye jina lake halitajwi sana katika kumbi zetu za Kiswahili, ilhali kazi aliyoifanya ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, kazi ya lugha. Wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi humjua kama mmoja wa waasisi wa kompaila, yaani programu inayotwaa maagizo yaliyoandikwa kwa namna anayoielewa binadamu na kuyageuza kuwa nambari zinazotekelezwa na mashine. Sisi tunaoshughulika na tafsiri, istilahi na usanifishaji tunayo sababu nyingine ya kumjua, nayo itabainika tutakapofika mwaka wa 1955. Aidha, tutatua kwa muda katika suala la nambari kufurika ndani ya tarakilishi. Suala hilo lilianza zama zake na lingali linawakosesha usingizi waandishi wa programu hadi leo.

Alizaliwa jijini New York tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Babake, Walter Murray, alikuwa wakala wa bima, na mamake, Mary Van Horne, alipenda hisabati, ingawa katika zama zake haikuwa desturi mwanamke kuisoma kwa kina. Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka saba Grace aliifungua saa ya mezani ili aone kinachoifanya ilie. Aliposhindwa kuirudisha ilivyokuwa, alizifungua nyingine moja baada ya nyingine hadi saa saba za nyumba hiyo zikawa zimelala vipande vipande. Mamake hakumchapa. Alimruhusu kubaki na saa moja ya kuchezea. Babake, ambaye baadaye alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya maradhi, alishikilia kwamba mabinti zake wasome sawa na mwanawe wa kiume ili waweze kujitegemea.

Jambo moja huwafurahisha walimu wa lugha: Grace alipojaribu kuingia Chuo cha Vassar akiwa na miaka 16, alikataliwa kwa kuwa alianguka mtihani wa Kilatini. Ikambidi asubiri mwaka mmoja. Alihitimu mwaka wa 1928 katika hisabati na fizikia, akapata shahada ya uzamili Yale mwaka wa 1930, na uzamifu papo hapo mwaka wa 1934 chini ya mwanahisabati Øystein Ore. Mwaka huo huo wa 1930 aliolewa na Vincent Hopper, mwalimu wa fasihi ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu ishara za nambari katika Ulaya ya zama za kati. Ndoa hiyo haikudumu. Walitalikiana mwaka wa 1945 bila kupata mtoto, lakini jina la mume alibaki nalo hadi kaburini.

Kuanzia 1931 alifundisha hisabati Vassar. Wanafunzi wake walilalamika kwa jambo moja: aliwaamuru waandike insha, kisha akazisahihisha kwa wino mwekundu kama mwalimu wa lugha. Walipomkumbusha kwamba walikuja kusoma hisabati, aliwajibu kwamba hisabati isiyoweza kuelezwa kwa mtu mwingine haina faida. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, yote aliyoyafanya baadaye yamo katika zoezi hilo la insha.

Japani iliposhambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 1941, Hopper alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji. Alikataliwa kwa hoja tatu: umri wake wa miaka 34 ulipita kiwango, uzito wake ulipungua ratili 15, na kazi yake ya kufundisha hisabati ilihesabiwa kuwa muhimu kwa taifa. Aliomba likizo chuoni, akaomba msamaha wa uzito, na mnamo Desemba 1943 akala kiapo katika kikosi cha akiba. Alihitimu mafunzo ya uafisa akiwa wa kwanza katika kundi lake, akapewa cheo cha luteni wa daraja la chini, na Julai 1944 akapelekwa Chuo Kikuu cha Harvard. Huko, chini ya Kamanda Howard Aiken, kulikuwa na mashine iliyoitwa Mark I. Urefu wake ulikuwa futi 51, uzito wake yapata tani tano, na iliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde moja. Simu ndogo kabisa iliyo mfukoni mwa msomaji ingeicheka. Hata hivyo, wakati huo hapakuwa na kitu kama hicho Marekani nzima.

Aiken hakumkaribisha kwa chai. Alimkabidhi kitabu cha misimbo na kumtaka akokotoe vijenzi vya hesabu ya tanjenti kinyume kwa usahihi wa tarakimu 23 kabla ya juma kwisha. Baadaye alimwamuru aandike mwongozo wa mashine. Hopper alipojitetea kwamba hajawahi kuandika kitabu, alikumbushwa kuwa sasa yumo jeshini. Mwongozo huo ulitoka mwaka wa 1946 ukiwa na kurasa zaidi ya 500.

Hapa yafaa kusahihisha kosa ambalo limeenea mno. Husemwa kwamba Hopper ndiye aliyebuni neno la Kiingereza la mdudu kwa maana ya kosa la programu, baada ya kumtoa nondo ndani ya mashine. Nondo alipatikana kweli, tarehe 9 Septemba 1947, ndani ya mashine ya Mark II, akabandikwa kwa utepe kwenye daftari la kumbukumbu ambalo sasa limehifadhiwa katika makavazi ya Smithsonian. Hata hivyo, si Hopper aliyempata, na mafundi wa umeme walikuwa wakilitumia neno hilo tangu karne ya kumi na tisa. Yeye alipenda tu kukisimulia kisa hicho, na kisa kikamganda.

Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke. Mkataba wake ulipokwisha mwaka wa 1949, alihamia Philadelphia katika kampuni changa ya Eckert na Mauchly, iliyokuwa ikiunda mashine ya UNIVAC. Kipindi hicho kilikuwa kigumu. Alikunywa pombe kupita kiasi, na mwishoni mwa mwaka huo polisi walimkamata usiku akiwa amelewa. Rafiki yake Edmund Berkeley alimwandikia barua ya kumwonya, akimkumbusha kipawa alichokuwa anakipoteza. Waandishi wa sifa huupita ukurasa huu kimya kimya. Sisi hatuoni sababu ya kuuficha, maana mtu huyo huyo, miaka miwili baadaye, alikuwa anaandika kompaila.

Wazo lenyewe lilizaliwa na kero ya kunakili. Huko Harvard, yeye na wenzake walikuwa na madaftari ya vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa, na mtu alipohitaji kipande alikinakili kwa mkono. Hopper aligundua kwamba binadamu hawajui kunakili. Herufi B iligeuka 13, na alama ya delta ikawa 4. Kwa nini basi kazi hiyo isifanywe na mashine yenyewe, ambayo haichoki wala haipitiwi na usingizi? Aliviweka vipande hivyo kwenye utepe wa sumaku, akakipa kila kimoja nambari ya kukiitia, kisha akaandika programu ya kuvichota na kuviunganisha. Ndiyo sababu alichagua neno lenye maana ya kukusanya. Mkusanyaji wa kamusi na mkusanyaji wa programu, kwa Kiingereza, wana jina moja. Kazi hiyo, iliyoitwa A-0, ilikuwa tayari kufikia 1952, na mwezi wa Mei mwaka huo aliieleza mbele ya wanasayansi mjini Pittsburgh.

Wataalamu wa leo watasema kwamba A-0 haikuwa kompaila kamili, na kwamba ilikuwa karibu zaidi na kiunganishi cha programu. Hoja hiyo ni ya kweli. Aidha, nchini Uingereza Alick Glennie alikuwa na mfumo wake mwaka huo huo wa 1952, na FORTRAN ya John Backus, iliyotoka 1957, ndiyo iliyoonyesha kwamba kompaila yaweza kuandika programu zenye kasi inayokaribia ile ya mtaalamu. Tusimvike Hopper taji lisilo lake. Lililo lake hasa ni lile linalofuata.

Mnamo Januari 1955 aliwaandikia wakubwa wa kampuni, ambayo sasa ilimilikiwa na Remington Rand, akiomba fedha za kuunda kompaila itakayopokea maagizo kwa maneno ya kawaida. Hoja yake ilikuwa kwamba makarani na mameneja hawapendi alama za hisabati, na hawana haja ya kuzipenda. Ili kuwashawishi, aliwaonyesha programu fupi yenye maneno ya Kiingereza. Kisha akawaonyesha programu ile ile kwa Kifaransa, na tena kwa Kijerumani. Lengo lake lilikuwa wazi: kwa mashine, neno ni mfuatano wa alama tu unaolinganishwa na orodha iliyomo ndani, na kubadilisha lugha ni kubadilisha orodha. Wakubwa walishtuka. Walichokielewa ni kwamba mtu anapendekeza mashine ya Kimarekani, iliyoundwa Philadelphia, izungumze lugha za kigeni. Ilimchukua Hopper muda mrefu kuwatuliza, na ikabidi aahidi kwamba mradi ungetumia Kiingereza peke yake.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita tukio hili bila kusimama. Tangu siku hiyo hadi leo, karibu kila lugha ya programu inayotumika duniani ina maneno ya Kiingereza, na wengi wetu tumekubali kwamba mambo hayawezi kuwa vingine. Kumbe pendekezo tofauti lilikwisha kutolewa, likazimwa na woga wa watu wachache. Je, Kiswahili kingefaa? Katika amri kingefaa mno: soma, andika, linganisha, hamisha, jumlisha. Vitenzi hivi husimama vyenyewe bila kiambishi. Tatizo lingeanza kwenye masharti. Mwingereza huandika neno moja la sharti na kulirudia popote. Kwetu sharti hukaa ndani ya kitenzi na kufuata ngeli: kiasi kikizidi, malipo yakizidi, deni likizidi, mishahara ikizidi. Kompaila inayolinganisha neno zima na orodha yake ingekwama hapo. Ingelazimu kukipasua kitenzi na kukitenga kiambishi, au sivyo sisi wenyewe tukubali kuandika neno la iwapo kila mara. Hili ni swali la mofolojia kabla ya kuwa swali la umeme, na anayestahili kulijibu ni mwanafunzi wa idara yetu.

Kompaila hiyo ya maneno, iliyokuja kuitwa FLOW-MATIC, ilianza kutumika kabla ya muongo huo kwisha. Wakati huo kila kampuni ilikuwa inabuni lugha yake, na programu iliyoandikwa kwa mashine moja haikufaa kwa nyingine. Mwanamke mwingine, Mary Hawes, alitoa wito wa kuwapo kwa lugha moja ya biashara. Kikao kikafanyika Pentagon tarehe 28 na 29 Mei 1959. Hopper alikuwa mshauri, na walioandika lugha yenyewe ni kamati ya watu wengine, akiwemo Jean Sammet. FLOW-MATIC ndiyo iliyowapa kielelezo kikuu. Lugha iliitwa COBOL. Mmoja wa wanakamati, Howard Bromberg, alichoshwa na ucheleweshaji hata akanunua jiwe la kaburi lililochongwa jina COBOL na kulituma kwa mwenyekiti. Maiti hakufa. Mnamo Desemba 1960 programu moja ilitekelezwa kwenye mashine za kampuni mbili zinazoshindana, RCA na Remington Rand, ikiwa imerekebishwa kidogo tu.

Ndani ya COBOL hiyo ya 1960 kulikuwa na kishazi kifupi ambacho hatuna budi kukieleza. Fikiria mita ya matatu yenye nafasi tano za tarakimu. Gari likifika kilomita 99,999 na kuongeza moja, mita husoma 00,000. Gari halikuwa jipya, ila mita imekosa mahali pa kuiandika tarakimu ya sita. Tarakilishi nayo hutunza kila nambari katika nafasi yenye kikomo. Jibu la hesabu likizidi nafasi hiyo, tarakimu za mbele hupotea au nambari chanya hugeuka hasi, na mashine huendelea na kazi bila kusema lolote. Huko ndiko kufurika kwa nambari. COBOL ilimpa mwandishi uwezo wa kuongeza, mwishoni mwa amri ya kujumlisha, kishazi cha kueleza lifanyike nini ikiwa jibu halitoshei. Karani akijumlisha mishahara katika nafasi ya tarakimu nne na kupata 12,345, bila kishazi atabaki na 2,345. Akikitumia, nafasi haiguswi na mashine inamwarifu. Hatudai kwamba Hopper mwenyewe ndiye aliyekitunga, bali kilitoka katika fikra ile ile kwamba programu huandikwa kwa ajili ya watu wanaokosea.

Ajabu ni kwamba programu hizo hizo za COBOL ndizo zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kubana nafasi, na mwisho wa 1999 dunia nzima ikatetemeka kwa sababu 99 ikiongezwa moja hurudi 00.

Hopper alistaafu jeshini mwisho wa 1966 akiwa kamanda mwenye miaka 60. Kabla ya miezi minane kwisha, aliitwa tena kwa muda wa miezi sita, na miezi hiyo sita ikaendelea kwa miaka 19. Sababu ya kuitwa inatuhusu. COBOL ilikwisha kuota lahaja. Kila mwenye kampuni aliongeza maneno yake katika kompaila yake, nyongeza zenye manufaa na za kuvutia, na mteja aliyezizoea hakuweza kuhamia mashine nyingine. Jeshi la wanamaji lilikuwa na mashine za kila aina na programu zisizoelewana. Kazi ya Hopper ilikuwa kusanifisha. Tunaikumbuka historia ya Kiswahili, mkutano wa Mombasa wa 1928 na kamati ya 1930, jinsi Kiunguja kilivyoteuliwa na lahaja nyingine zikabaki majumbani mwake. Tofauti ni kwamba Hopper hakutegemea uteuzi pekee. Yeye na wenzake walitunga programu za majaribio, na kila kompaila iliyodai kuwa ya COBOL sanifu ilipewa mtihani. Iliyoanguka haikuaminiwa. Na nyongeza hazikulaaniwa: zile zilizothibitika kuwa na faida ziliweza kuingia katika toleo lijalo la sanifu.

Wakosoaji walikuwapo. Mwaka wa 1975 Edsger Dijkstra, mmoja wa magwiji wa taaluma hiyo, aliandika kwamba kuitumia COBOL hulemaza akili. Ni kweli lugha hiyo ina maneno mengi kupindukia. Lakini yeye aliwaandikia wanahisabati, ilhali Hopper aliwawazia makarani, na sidhani kama wawili hawa walikuwa wanabishania kitu kimoja.

Vyeo na heshima vilimfuata. Mwaka wa 1969 alitunukiwa tuzo mpya ya chama cha wataalamu wa data, ambayo kwa jina lake ilikuwa ya mwanamume bora wa mwaka. Alipanda kuwa kapteni 1973, komodoa 1983, na 1985 cheo hicho kikabadilishwa jina kikaingia katika safu ya uadmirali. Alizunguka akihutubia vijana, mkononi akiwa na vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, urefu ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Aligawa waya hizo kama peremende. Ofisini mwake palikuwa na saa ya ukutani iliyozunguka kinyume. Alistaafu kwa mara ya mwisho tarehe 14 Agosti 1986, akiwa na miaka 79, juu ya meli kongwe ya USS Constitution bandarini Boston. Hata hapo hakupumzika, kwani kampuni ya Digital ilimwajiri kama mshauri. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Meli ya kivita ilipewa jina lake, na mwaka wa 2016 akatunukiwa Nishani ya Uhuru ya Rais akiwa kaburini.

Suala la kufurika halikuzikwa naye. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya ya Ariane 5 iliharibika angani sekunde chache baada ya kuruka kutoka Kourou. Programu ilijaribu kuitia nambari kubwa katika nafasi ya biti 16, ambayo haipokei zaidi ya 32,767. Wahandisi walijua kwamba vigeu saba vilikuwa katika hatari hiyo. Vinne walivilinda, vitatu wakaviacha ili kuipunguzia tarakilishi mzigo. Kilichofurika kilikuwa miongoni mwa vitatu.

Hali ilikuwa mbaya zaidi katika lugha ya C, ambayo kwayo viini vya mifumo endeshi huandikwa tangu miaka ya sabini. C haikuchukua kishazi kile cha COBOL. Sanifu yake ilisema kwamba nambari yenye alama ya chanya au hasi ikifurika, matokeo hayana maana iliyowekwa. Kutokana na hilo, kompaila hodari hujiruhusu kuamini kwamba jambo hilo halitokei kamwe. Mwandishi makini akajumlisha nambari mbili chanya na kuongeza mstari wa kukagua kama jumla imepungua, kompaila huuona mstari huo kuwa wa bure na kuufuta. Mlinzi hufukuzwa kwa hoja kwamba wezi hawapo. Waundaji wa kompaila wakaanza kutoa nyongeza, kama wale wa COBOL ya zamani. Ile iliyotoka katika GCC toleo la 5, mwaka wa 2015, hujumlisha na papo hapo kumjibu mwandishi ikiwa jibu limetoshea au la. Nyongeza hiyo haikupatikana katika kila kompaila ya C, kwa hiyo aliyetaka programu yake ifanye kazi kila mahali alilazimika kuandika njia mbili au tatu. Mwaka wa 2024, miaka 64 baada ya ripoti ya kwanza ya COBOL, sanifu mpya ya C ilichapishwa ikiwa na njia rasmi ya kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa ukaguzi. COBOL yenyewe ingali inaendesha hesabu za mabenki na idara za serikali katika nchi nyingi, na kishazi kile bado kimo.